Redio ya Njano Chini ya Kaunta

Mimi ni mtu wa hasira, na Nachingwea nzima inalijua hilo. Nalisema mapema ili asije mtu baadaye akadai nimejificha. Jina langu Swalehe, fundi redio, kibanda changu kiko nyuma ya stendi na mwaka huu kinatimiza miaka thelathini na moja. Spika za misikiti nimezitengeneza mimi. Redio koli za walinzi wa maghala ya korosho zinapita mikononi mwangu kila msimu. Ukiniletea redio inayokoroma, nakutajia ugonjwa wake kabla hujakaa kwenye benchi. Ukiniletea maneno mengi, nakufukuza wewe na redio yako.

Sasa kulikuwa na redio moja ambayo sikuwa na haraka ya kuiuza. Ya njano, ya kushika mkononi, niliinunua Mtwara kwa mpiga mbizi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hiyo ni redio ya majini, ya kweli. Haiingii maji. Ikikuponyoka haizami, inaelea na kuwaka taa. Ina chaneli ya kumi na sita, ambayo kila chombo majini na kila kituo cha nchi kavu huacha wazi kusikiliza mwenye shida. Nilikuwa naitumbukiza kwenye ndoo mbele ya wateja, inazama kidogo, inaibuka, watu wanapiga makofi. Kununua hakuna anayenunua. Nachingwea hii mtu ataitumia wapi? Mto ukifurika hakuna anayetaka redio, watu wanataka njia.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita akaingia mtu mrefu, makamo yangu, kavaa katambuga za tairi na kajifunga blanketi begani. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili dumu dogo la lita tatu. Nilipoiona tu ile fimbo, moyo ukanikunjamana.

Nieleze kwa nini. Mwaka juzi ng'ombe waliingia kwenye shamba la mke wangu Hadija kule Marambo, shamba aliloachiwa na mama yake, maana kwetu shamba linafuata upande wa mama. Mbaazi zilikuwa zimeanza kutoa maua. Asubuhi tulikuta vijiti vitupu na mavi mabichi. Hadija alikaa chini katikati ya shamba akalia kama aliyefiwa. Tukaenda ofisi ya kijiji, tukaandikisha, tukaitwa, tukarudishwa, wenye ng'ombe wakasema hao ng'ombe si wao. Ikaishia hapo. Tangu siku hiyo kila mwenye fimbo na blanketi kwangu akawa yule yule. Tunawaita wote Wasukuma, hata asiye Msukuma, na mimi nilikuwa nikitaja jina hilo natema mate.

"Habari za kazi, mzee," akasema.

"Nzuri. Unataka nini?"

"Natafuta redio ya kushika mkononi. Ya kwenye mtumbwi."

Nikacheka kwa sauti mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia. "Mtumbwi! Mnataka kuwavusha ng'ombe kwenda wapi tena? Huku mmeshamaliza?"

Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyezoea. "Si wa huku, mzee. Ni ziwani kwetu, Viktoria. Mkwe wangu ana mtumbwi wa mashine, anavusha watu kutoka kisiwani. Simu ikifika katikati ya maji haishiki. Nimeelekezwa kwako na binti mmoja ambaye—"

"Kuelekezwa si habari. Kila mtu anaelekezwa kwangu."

"Ni kweli, mzee. Ila huyu binti—"

"Wewe bwana, umekuja kununua redio au kutoa hotuba?"

Akachomoa mfukoni kijikaratasi alichokuwa ameandika mwenyewe kwa kalamu, herufi kubwa kubwa, akaanza kuniuliza moja baada ya nyingine. Maswali yenyewe yalinishangaza kidogo, yalikuwa maswali ya mtu anayejua. Je, inaingia maji? Ikidondoka inaelea? Ina chaneli kumi na sita? Betri inakaa saa ngapi ukiwa unaita mfululizo? Ukivaa glavu au mikono ikiwa imelowa, kitufe kinabonyezeka? Kisha macho yake yakaenda kwenye ile ya njano iliyokuwa juu ya kaunta.

"Na ile je?"

"Ile siuzi," nikasema, na nikaisukuma chini ya kaunta kwa kiwiko.

Nikamshushia kutoka rafuni redio ya walinzi. Nyeusi, nzuri kwa macho, ina antena nene, zinakuja mbili mbili kwenye boksi moja. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kesi yangu. Redio ya walinzi mawimbi yake ni mengine kabisa. Ile ya majini na hii, hata ukiziweka chumba kimoja, ukaita kwa hii mpaka koo likauke, ile haitasikia hata mkwaruzo. Na ikidondoka majini inazama moja kwa moja. Nilijua hayo yote. Mtoto wa darasa la tano akikaa kwangu wiki moja anayajua.

"Inaelea?" akauliza.

"Inaelea."

"Chaneli kumi na sita?"

"Inazo kumi na sita. Hesabu mwenyewe." Na kweli kitufe cha juu kilikuwa na namba moja mpaka kumi na sita. Nilimwonesha namba.

Nikampa moja, nikamwambia aende mpaka kwenye vyoo vya stendi. Nikachukua pacha wake nikabonyeza. "Unanipata?" Akajibu papo hapo, sauti imejaa furaha: "Nakupata, mzee! Nakupata vizuri kabisa!" Aliporudi alikuwa amevua kofia, anaiangalia ile redio mkononi na kucheka peke yake. Akalipa bila kuniomba nipunguze. Nikamfungashia hiyo moja. Pacha wake nikamrudisha rafuni.

Akaweka dumu juu ya benchi. "Hii ni ya nyumbani kwako, mzee."

"Sinunui kitu."

"Siuzi. Nilitaka tu kusema kwamba sisi sasa tumekuwa kama ndugu, kwa sababu—"

"Mimi sina ndugu mwenye ng'ombe."

Akavaa kofia, akaaga kwa adabu, akaondoka. Dumu akaliacha. Ndani mlikuwa na samli safi, ya rangi ya dhahabu. Jioni nikampelekea Hadija huku nacheka, nikamsimulia jinsi nilivyomkomoa Msukuma, nikaiga mpaka sauti yake ya "nakupata, mzee." Hadija hakucheka. Alilifungua dumu, akanusa, akafunga.

"Baba Sabaha, mtu anakuletea samli na wewe humuulizi hata jina?"

"Jina lake Ng'ombe," nikasema.

Sabaha ni binti yetu, wa pekee. Ni mkunga. Miezi saba kabla ya hapo alipangiwa zahanati ya kisiwani, huko huko Ziwa Viktoria. Najua unachotaka kuniuliza. Mtu anakutajia Viktoria, anakutajia kisiwa, anakutajia binti, na wewe una binti kwenye kisiwa cha Viktoria, huulizi? Hadija ameniuliza hivyo mara zisizo na idadi. Sina jibu. Nilikuwa naangalia fimbo.

Jumamosi, saa sita hivi, simu yangu ndogo ikalia. Sabaha. Nilifurahi, maana huwa hapatikani mpaka avuke kuja ng'ambo kufuata dawa.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Mama ameipenda ile samli?"

Nikadhani sikusikia. "Samli gani?"

"Si ile aliyoleta Mzee Gidioni! Baba yake Miriam. Baba bwana, una mambo. Wamehamia huko kwenu, Matambarale, huko Ruangwa. Nilimwambia asinunue kwa mtu mwingine yeyote, aje kwako tu, maana wengine wangemuuzia za walinzi."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, ikadondoka, na sikusikia ikigonga chini.

Yeye anaendelea, furaha tupu. "Imefika jana kwa basi. Stanslaus, mume wa Miriam, analala nayo! Mtumbwi wake ndio unaotuvusha sote na wagonjwa wangu. Na Miriam mwenyewe siku zake zimefika, mtoto amekaa vibaya, lazima nimvushe aende hospitali ya ng'ambo. Nilikuwa na hofu, baba, nakuambia kweli. Mwezi uliopita mashine ilizima tukaelea saa nzima. Lakini sasa hata ikizima tutaita, boti ya uokoaji iko hapa mwaloni wanaposhusha samaki na redio yao iko wazi mchana na usiku. Nimewaambia wote hapa, baba yangu ndiye fundi. Baba?"

"Naam."

"Mbona kimya?"

"Mtandao," nikasema.

Mtandao ulikuwa safi, namsikia mpaka anavyopumua. Mimi, Swalehe, ninayemkata kila mtu maneno, siku hiyo sikuwa na neno hata moja.

"Haya baba, mtumbwi unaondoka, narudi kisiwani. Asante sana. Asante sana, baba yangu." Akakata.

Nikakaa pale dakika kumi nzima na simu mkononi. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta uongo mzuri. Nimwambie imetoka kiwandani na kasoro? Nimwambie nilichanganya maboksi? Nilipoupata uongo wenyewe na kupiga, yule mama wa kwenye simu akaniambia namba ninayopiga haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka Laasiri. Pale rafuni yule pacha mweusi amesimama, na mimi namtazama. Ziwa zima lile, na redio pekee inayoweza kuisikia redio ya mwanangu ilikuwa kwenye rafu yangu, Nachingwea.

Nilimwambia Hadija. Nilitegemea apige kelele, nilikuwa nataka apige kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo umemuuzia mwanangu." Lo! Neno lile bado naliota. Kisha akasema, "Nenda kwa huyo mtu. Mpelekee ile ya njano, umwambie kwa mdomo wako."

Jumapili baada ya Alfajiri nilipanda bodaboda na redio ya njano kwenye mkoba. Tukapita Ruangwa mjini maduka yakiwa bado hayajafunguliwa, tukaendelea mpaka Matambarale, tukauliza. Nyumba za wafugaji ziko mbali na kijiji, unafuata njia ya ng'ombe. Dereva akaniacha pale penye mti ulioanguka, akasema huko ndani haingii. Nikatembea mwenyewe. Vumbi, mavi ya ng'ombe, mbwa wanabweka. Sijawahi kukanyaga kwa wafugaji maishani mwangu.

Gidioni aliniona kwa mbali. Alikuja mbio. Nikafikiri ameshajua, nikasimama nipokee fimbo ya kichwa, na nilikuwa tayari. Badala yake alinishika mikono yote miwili.

"Mzee Swalehe! Umepataje habari? Asante kwa kuja, mzazi mwenzangu. Asante sana."

"Habari gani?"

Akanitazama usoni. "Kumbe hujasikia. Kaa kwanza. Rahabu! Lete kiti, baba yake Sabaha amekuja!"

Mkewe, Rahabu, alitoka na kiti na kibuyu cha maziwa, macho mekundu. Gidioni akanieleza kwa utaratibu, sauti anaishikilia. Uchungu ulimshika Miriam usiku. Alfajiri saa kumi waliondoka kisiwani kwa mtumbwi: Stanslaus, Miriam, na Sabaha. Kuvuka ni saa mbili. Jirani alipanda kilima cha kisiwani kutafuta mtandao, akapiga kuuliza kama wamefika. Ndugu aliyekuwa akiwasubiri ng'ambo akasema hajaona mtumbwi. Sasa ilikuwa inakaribia saa nne.

Nilimsikia mtu akisema "Ya Rabi, ya Rabi," nikagundua ni mimi.

Gidioni akanipigapiga mgongoni. Akanifariji! "Usiogope, mzazi mwenzangu. Ningekuwa na hofu zaidi kama isingekuwa wewe. Wana redio yako. Kama mashine imezima, wameita. Boti iko njiani inawafuata sasa hivi. Kunywa maziwa."

Nikayanywa. Sijui kwa nini niliyanywa. Machozi yananitoka kwenye kibuyu cha watu. Kisha nikaweka kibuyu chini.

"Mzee Gidioni, redio ile haisikiki."

"Haisikiki vipi? Si tuliijaribu mimi na wewe?"

"Ilikuwa inaongea na pacha wake. Pacha wake ninaye dukani. Ile ni ya walinzi. Ziwani hakuna mtu anayeweza kuisikia." Nikafungua mkoba nikatoa ya njano. "Ilitakiwa iwe hii."

Aliitazama. Aliitambua. Rahabu alisimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Ulichanganya?" Gidioni akauliza, na sauti yake ilikuwa inaniomba niseme ndiyo. "Boksi zilichanganyika, mzee?"

Alikuwa ananifungulia mlango, masikini. Ningeweza kupita.

"Sikuchanganya. Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe wenu walikula mbaazi za mke wangu. Marambo. Mwaka juzi, mwezi wa sita."

Akakunja uso, anahesabu. "Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa kisiwani, nakausha dagaa. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Hawa nimewanunua nikaja nao huku mwaka jana."

Kibaya zaidi, hakunigusa. Ningepigwa ningepumua. Alimpigia yule ndugu wa ng'ambo akamwambia awakimbilie watu wa boti mwaloni, kisha akakaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta, simu kaishika kwa mikono miwili, na mimi nikabaki kwenye kile kiti kimoja walichonacho. Jua likapanda. Ng'ombe wakawa wanalia zizini kwa sababu hakuna aliyewafungulia. Rahabu akawa anasali kwa kilugha chao, mara kwa mara nalisikia jina la Miriam, na mara moja moja, wallahi, nalisikia jina la Sabaha. Anawaombea wote wawili.

Saa sita kasorobo simu ikalia. Namba ngeni. Gidioni akabonyeza laudispika ili mkewe asikie.

"Mzee Gidioni? Ni mimi Sabaha. Hii simu ya mvuvi."

Alikuwa hai. Nilianguka kwenye magoti, nikaziba mdomo wangu kwa mkono.

"Sabaha, mwanangu! Mko wapi? Miriam?"

"Miriam yupo, mzee. Yupo hospitali, wanamwongezea damu. Atapona. Stanslaus yupo naye." Nikasikia anameza mate. "Mtoto hatukumpata, mzee. Alikuwa wa kiume. Mashine ilizima katikati, tukaelea kwa muda wa saa nne na nusu, wavuvi wa dagaa ndio waliotuokota. Amezaliwa mle mle mtumbwini. Nimejaribu, mzee. Nimejaribu kila kitu ninachokijua."

Rahabu alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Mlijaribu redio?" Gidioni akauliza. Aliuliza taratibu, hakunitazama.

"Stanslaus aliita mpaka betri ikaisha. Hakuna aliyejibu." Sasa Sabaha alikuwa analia. "Na kosa ni langu, mzee. Alfajiri kabla ya kuondoka Stanslaus aliijaribu, mwaloni hawakujibu. Akasema tungoje kukuche, tupate mtumbwi wa pili utusindikize. Mimi ndiye niliyesema twende, redio yao ndiyo mbovu, baba yangu hawezi kuuza kitu kibovu. Mzee Gidioni, nakuomba jambo moja. Baba asiambiwe kuhusu redio. Atakufa kwa uchungu, namjua. Mwambieni tu mashine ilizima. Nitamwambia mwenyewe baadaye kwamba iliingia maji."

Gidioni alibaki na simu mkononi. Kisha akanyoosha mkono, akanipa simu.

"Sabaha," nikasema.

"Baba?" Sauti ikabadilika. "Baba, uko wapi?"

"Niko hapa kwa Mzee Gidioni."

"Baba, usijali, sikiliza, redio yako ni nzuri, ni maji tu, mawimbi yalikuwa makubwa, Stanslaus aliiweka chini kwenye—"

"Haikuingia maji. Nilimuuzia ya walinzi."

"Ulikosea boksi."

"Sikukosea. Alikuja na fimbo na blanketi, nikakumbuka mbaazi za mama yako. Nilijua haitasikika ziwani, nikamuuzia."

Nyuma yake nilisikia watu wa hospitali wakipita, ndoo ikiburutwa sakafuni. Nikangoja aniite baba. Nikangoja anitukane.

"Mzee Gidioni," akasema, "bado upo?"

"Nipo, mwanangu," Gidioni akajibu kutoka pale alipokaa.

"Miriam ameamka. Ananiuliza kwa nini hawakutusikia. Nimwambie nini?"

Gidioni aliinuka, akajipangusa vumbi la suruali. Akaichukua simu mkononi mwangu, akazima laudispika, akaiweka sikioni na kutoka nayo kwenda upande wa zizi.